Dada Ambaye Sikuwa Naye

Mwaitu,

Sitakuuliza hali, maana hali yako naijua. Saa saba ulikula muthokoi mbele yangu bila kuniangalia hata mara moja, ukamwambia mama yako, "Mwambie Baba anipitishie chumvi," na mimi nimekaa hapo hapo, chumvi iko mkononi. Hii ni wiki ya tatu. Sasa mmevuka mto kwenda kumuaga susu yako, mama yangu mzazi, nyumba imenyamaza, na nimechomoa karatasi ya fulskepu katika zile za kidato cha pili zinazongoja kusahihishwa. Nataka nimalize kabla hamjarudi. Nikikuona tu nitakuwa mkali, najijua, halafu nitaanza kuzungumza habari za kufunga zipu ya sanduku.

Mambo ya blanketi, ndoo na kufuli mama yako ameshayasema, na kesho njiani atayasema tena. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka ishirini na sita, na limekuwa likinikalia pia.

Nianze na lile la saiba, pale kwenye kompyuta za kukodi, kwa sababu ndilo lililotufikisha kwenye kupitishiana chumvi kwa mkalimani. Ni kweli niliingia kwenye akaunti yako ya kuombea chuo. Neno la siri nililiona ulipoliandika nyuma ya kalenda, na nilimwambia kijana wa saiba kwamba umenituma. Nilitoa fasihi nikaweka uuguzi, wewe ambaye kuku akichinjwa unaenda kujificha kwa jirani. Ujumbe ukaingia kwenye simu yako kwamba kozi imebadilishwa, ukaja kunitafuta bomani nikiwa nawapa mbuzi dawa.

"Baba, umeniibia."

"Mzazi hawezi kumwibia mtoto."

"Umeniibia. Na hata sababu hujaniambia."

"Sababu ni kazi. Hiyo riwaya ya Waingereza wamekufa kitambo itakupatia kazi gani hapa Machakos?"

"Si wewe ndiyo ulisoma? Na si uko na kazi?"

Nilikufokea. Nikakuambia huna heshima. Tangu ulipozaliwa nimekuita mwaitu, mama yangu, kwa sababu jina lako ni la mama yangu kama desturi yetu inavyotaka, na siku zote imekuwa vigumu kukugombeza vizuri kwa sababu hiyo. Siku ile niliweza. Uliondoka, ukarudisha kozi yako mwenyewe siku moja kabla tovuti haijafungwa, na tangu hapo hujanisemesha.

Jibu lako lilikuwa la haki, mwaitu. Sikuogopa kwamba hutapata kazi. Nilianza kuogopa ile jioni uliyokuwa umeshika simu, ukaruka kutoka kwenye kochi ukisema, "Baba! Mwenye anafundisha riwaya ya karne ya kumi na nane ni Daktari Mwikali, na ametoka Kivaa! Mkamba wetu!" Ulikuwa na furaha nzima. Mimi nikasema ni vizuri, nikatoka nje, nikasimama kando ya tangi la maji mpaka giza likaingia. Mama yako alidhani nimeumwa na tumbo.

Namjua Mwikali. Tulikaa naye darasa moja, kozi hiyo hiyo unayoiendea.

Nikueleze jinsi tulivyosoma, maana wewe unasoma kitabu mpaka nyuma ya jalada na huwezi kuelewa. Riwaya zenyewe zilikuwa nene kama tofali. Maktaba ilikuwa na nakala mbili za kila moja, zinakaa chini ya meza ya mkutubi, unapewa saa mbili tu unarudisha. Nani angekaa hapo? Tulikuwa tunarithishana noti. Waliotutangulia walikuwa wamezinakili kwa waliowatangulia, nao kwa wengine, na mahali fulani katika ukoo huo mtu alisinzia akaruka karatasi. Kwa hiyo katika noti zetu kulikuwa na bibi mmoja aliyezikwa ukurasa wa nne, na ukurasa wa sita yuko sebuleni anakunywa chai na kasisi. Hakuna aliyeshtuka. Tulikariri hivyo hivyo. Kwenye mtihani darasa karibu lote lilimzika yule bibi na kumfufua, na mimi nilikuwa mstari wa mbele, kwa Kiingereza safi kabisa.

Mwalimu wetu, mzee mmoja mtaratibu, alikuja darasani na bahasha ya mitihani akaitupa juu ya meza. Alituambia noti hizo tuzichome. Insha inayofuata kila mmoja ataandika kutoka kwenye kitabu chenyewe, na lazima alinganishe na jambo alilolishuhudia nyumbani kwao. Alitupa wiki tatu.

Wiki mbili nilizungumza tu. Nilikuwa hodari wa kuzungumza, mwaitu. Nilikuwa mwenyekiti wa mijadala, nina tai mbili. Mwikali alikuwa anakaa karibu na dirisha na hazungumzi, kwa sababu akisema neno la Kiingereza Kivaa nzima inasikika ndani yake na watu wanacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini kila siku maktaba ikifunguliwa yuko pale, anachukua tofali lake, anasoma saa zake mbili, anarudisha, anaenda kwenye vipindi, anarudi.

Zikabaki siku nne nikamwendea. Nikamsalimu kwa Kikamba, nikamwita mwenzangu wa nyumbani, nikamwomba rasimu yake nione tu jinsi ya kupanga aya. Alinipa. Alisema, "Soma tu, lakini uniletee kesho, sina ingine." Nilikaa nayo chumbani na ilikuwa nzuri hivi kwamba nilikasirika.

Katika riwaya ile msichana anaingia sebuleni kwao anamkuta mwanasheria na baba yake, na makaratasi ya ndoa yako mezani, wino umeshakauka. Mwikali aliandika kuhusu dada yake mkubwa. Dada alikuwa ameenda bwawani kuteka maji, na akirudi na mtungi akawakuta mbuzi watatu wamefungwa nyuma ya jikoni. Wewe unajua ntheo. Mbuzi wale wakishapokewa msichana ni mke wa watu. Hakuna aliyemwambia neno. Alitua mtungi, akawaangalia mbuzi, akajua. Mwikali aliandika kwamba katika nyumba zote mbili, ya Kiingereza na ya kwao, vitu viliambiwa kabla ya mwenyewe kuambiwa: karatasi zilijua, mbuzi walijua. Aliandika pia kwamba dada yake aliwachotea mbuzi maji kwanza ndipo akalia.

Nilinakili kurasa mbili nzima. Nilikuwa na njia ya kubadilisha maneno, lakini hizo kurasa hazikubadilika, kila neno nililolitoa liliacha shimo. Hata "dada yangu" nililiacha. Mimi, mwaitu, mzaliwa wa kwanza katika nyumba ya wavulana watupu. Nilichukua hadi dada wa mtu. Halafu nikakimbia kupeleka insha siku moja kabla ya kila mtu, nikitaka kuonekana mwenye bidii.

Mwalimu alituita ofisini sote wawili. Kulikuwa na mkuu wa idara na mwalimu mwingine mmoja, na insha zetu zimewekwa sambamba. Akauliza nani mwenye kurasa hizi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Naikumbuka nafasi yenyewe, ilikuwa na urefu wa kumeza mate mara mbili. Mwikali akaniangalia kwanza, akiningoja, kwa sababu alidhani nitasema. Alipoona sisemi akazungumza, na kwa hofu Kiingereza kikampotea, akachanganya.

"Mwalimu, muulize. Muulize huyo dada yake anaitwa nani."

Mzee akanigeukia. "Eh, Mutua. Dada yako anaitwa nani?"

Nikasema, "Ndinda."

Lilikuja lenyewe. Ni jina la kwanza la mwanamke nililolijua maishani. Nikaongeza kwamba ameolewa na ana watoto wawili, tena nikatabasamu kidogo, kama kaka. Mwikali aliwageukia wale wazee. Halafu akasema, "Anaitwa Syombua. Huyo ni Syombua wetu," akaanza kulia. Wale wazee watatu walitazamana, na nikaona wanachukulia kwamba machozi ni ya aliyekamatwa. Insha yangu ilitangulia kufika, Kiingereza changu hakikutetemeka, na nina dada mwenye jina. Mwikali alipewa sufuri, ikaandikwa kwenye faili lake kwamba amenakili, na akarudia kozi mwaka uliofuata na watu asiowajua. Mimi nilipata alama ya juu kabisa. Mzee aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba nimeona kwa macho yangu mwenyewe.

Sasa unajua jina lako lilitumika wapi kabla ya wewe kuzaliwa. Ulipozaliwa na susu yako akakubeba akasema, "Ni mimi nimerudi," kila mtu alicheka na mimi nikatoka nje. Desturi ilikuwa imeshakuita, nisingeweza kukataa bila kueleza. Samahani. Nakupenda kuliko kitu chochote nilichonacho, na kuna siku nyingi nimekuita "mwaitu" kwa sababu tu ile "Ndinda" ilikuwa imenikwama kooni.

Mbwa amebweka, nikafunika karatasi kwa madaftari. Kumbe ni jirani amefuata jembe lake. Nimekuwa kama mwanafunzi aliyeficha mwakenya, karatasi ya kuibia mtihani, kwenye soksi. Naendelea.

Unaweza kufikiri nilibadilika. Sikubadilika. Nilipewa shule kule Masinga, nikafundisha fasihi jinsi nilivyoisoma: nilinunua mwongozo, nikaunakili ubaoni, maudhui manane, wahusika sita, sifa tano tano. Darasa langu lilikuwa linapita vizuri, nikapandishwa cheo. Mara moja msichana wa kidato cha tatu aliuliza kwa nini mama katika hadithi ananyamaza muda wote huo. Nilimwambia hilo halitoki kwenye mtihani. Akaketi, na hakuuliza tena mpaka akamaliza shule. Nimewaketisha wengi namna hiyo. Ukishasema uongo mmoja mkubwa kuhusu kusoma, unaanza kumchukia mtu anayesoma kweli, na mtu huyo baadaye akawa wewe. Unakumbuka nilivyokuwa nakuambia unaharibu macho? Macho yako hayakuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo nilipoenda saiba sikuwa nakulinda. Nilikuwa najilinda mimi. Kichwani nilimwona Mwikali anasoma orodha ya majina darasani, anafika kwako. Nilimwona anakuangalia. Nikasema afadhali uwe muuguzi ukizimia kila siku.

Kitu kimoja kilinivunja, nacho ni chako. Ile riwaya uliyoinunua kwenye vitabu vya mitumba pale mjini, ambayo ni ya enzi hizo hizo, niliichukua mezani kwako ulipokuwa shambani. Sitakuficha, nilikuwa natafuta kosa. Nilitaka nione ni upuuzi ili niwe nimeshinda. Nikaanza kuisoma bomani, nimekalia ndoo, na mbuzi wananishangaa. Kwa siku kumi na moja niliisoma hivyo, ukurasa kwa ukurasa, mwalimu wa fasihi wa miaka ishirini na kitu anasoma riwaya ya Kiingereza ya karne ile kwa mara ya kwanza. Ni ndefu kupita kiasi. Kuna mahali niliruka, nakubali. Lakini kuna mahali baba wa yule msichana anatembea huku na huku chumbani, anapiga meza, anasema heshima, anasema mimi ni baba yako, na pembeni umeandika kwa penseli, kwa mwandiko wako mdogo: "Huyu si mbaya. Ni mwoga tu."

Najua ulikuwa unaandika kuhusu Mwingereza. Nilifunga kitabu, nikakaa pale mpaka mama yako akaniita mara tatu.

Usiku wa jana nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharagwe, na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Kwa hivyo jina la mama mkwe wangu uliliweka huko." Nikasema ndiyo. Akasema, "Utamwambia mtoto wewe mwenyewe. Mimi sikusemei." Hajanisemesha tena vilevile, kwa hiyo sasa mko wawili.

Na leo saa tatu asubuhi, mlipokuwa mnapanga sanduku, sikuenda kununua dawa ya mbuzi. Nilitembea hadi kule juu kwenye uwanja wa kanisa, nikapiga namba ya idara iliyo kwenye barua yako ya kujiunga. Nilikuwa nimejiandaa kuongea na karani. Akashika simu mwenyewe.

"Daktari Mwikali? Ni Mutua. Mutua wa Kola. Tulikuwa darasa moja."

Nikasikia kiti kinavutwa.

"Nimeona jina kwa listi," akasema. "Ndinda Mutua. Nikajiambia labda ni Mutua mwingine."

"Ni wangu. Ni jina la mama yangu. Mimi sijawahi kuwa na dada."

"Nilijua hukuwa na dada. Nilijua hata siku hiyo. Mwenye hakujua ni wale wazee peke yao."

Nikamuuliza kama Syombua yuko.

"Yuko Kivaa, ako na wajukuu. Hajui kama aliwahi kuwa dada yako."

Nikasema nimepiga kuomba msamaha. Sauti yangu ilikuwa imepotea, mwaitu, mimi mwenyekiti wa mijadala.

"Msamaha utangoja," akasema. "Uongo yako iliandikwa kwa faili. Na hiyo ukweli pia iandikwe kwa faili. Uandikie idara, uweke jina na sahihi."

"Nitaandika."

"Lini?"

"Leo."

"Haya. Na msichana?"

"Msichana hajui kitu. Tafadhali, yeye hana makosa."

Hapo alikasirika. Alisema, "Mutua, unafikiri mimi nitamfanyia mtoto yenye nilifanyiwa? Aje. Nitamsahihisha kama wengine. Akiandika vizuri nitasema, akiandika mbaya nitasema." Halafu akaongeza, "Lakini kesho kuna chai ya wazazi wa wanafunzi wapya hapa, na ni mimi nakaribisha wageni. Wewe usikuje. Sitaki nikushike mkono nikicheka mbele ya watu. Bado sijafika hapo."

Nikasema sawa.

Nilitoka pale nikaenda saiba, kwa kijana yule yule, nikaandika kila kitu na kukituma idarani, na jina langu kamili chini. Sijui kitafanyika nini. Wanaweza kuigusa shahada yangu, wanaweza kumwandikia mwalimu mkuu wetu. Naogopa sana, na sitajifanya siogopi. Nataka ulisikie kwangu kabla hujaketi katika darasa lake, ili akikuangalia mara mbili usidhani umekosea kitu. Wewe hudaiwi chochote. Usimwendee kumwomba msamaha kwa niaba yangu, usimpelekee salamu wala maziwa ya nyumbani. Andika insha zako. Na mtu akija siku nne kabla kukuomba rasimu kwa Kikamba kitamu, sikuambii umkatalie, maana Mwikali hakukosea kunipa. Mimi sina la kukushauri hapo. Najua tu mtu wa aina ile anaonekanaje: ana maneno mengi na anakutazama mikono.

Nimeanza kusikia sauti ya mama yako huko mtoni, kwa hiyo nimalizie.

Kesho utaenda na mama yako na mjomba wako. Sanduku nitalibeba mimi mpaka barabarani. Ukishaisoma hii, kama asubuhi utashindwa kunisalimia, pita tu, sitakuita, wala sitasema neno la heshima. Huko utakuta kila mwanafunzi amekuja na baba amevaa suti ya kanisani, na mtu atakuuliza wako yuko wapi. Najua roho yako, utataka kunifichia. Usiseme naumwa. Usiseme niko kazini. Usinitungie kitu chochote, mwaitu. Sema hakualikwa.

Baba yako,
Mutua